Modeli ya EnergyPlus hailingani na vipimo, nyumba ya bati Dar

Mtafiti_Temeke: Wakuu, naiga joto la nyumba kwa EnergyPlus (programu ya kompyuta ya kukokotoa joto na nishati ya jengo). Nyumba ni ya tofali za saruji, paa la bati, haina dari. Alasiri joto la modeli liko nyuzi 3 chini ya linalosomwa na kipimajoto nilichobandika ukuta wa magharibi. Nianzie wapi?

FundiNishati: Anza na kipimajoto chenyewe, mkuu. Ukuta huo unapigwa jua la alasiri, kwa hiyo kinasoma joto la tofali, si la hewa. Kining'inize katikati ya chumba, mita 1.1 kutoka sakafuni. Ongeza cha pili, ncha yake iwe ndani ya mpira wa ping-pong (milimita 40) uliopakwa rangi nyeusi isiyong'aa, ili kinase na mionzi ya paa. Bati likichemka humwaga mionzi vichwani mwa watu, na kipimo cha hewa peke yake hakiioni. Utafiti wa nyumba ya bati unaopima hewa tu hupwaya hapo.

Dada_Mjenzi: Bati lina kutu? Lenye kutu hufyonza jua kuliko jipya, hivyo ukiingiza kiwango cha ufyonzaji cha bati jipya modeli itaonyesha joto la chini kuliko halisi. Badilisha kitu kimoja kimoja. Kwa data za kila saa, ASHRAE Guideline 14 (mwongozo wa chama cha wahandisi wa joto na ubaridi cha Marekani) inataka CV(RMSE), yaani ukubwa wa makosa ya modeli ukilinganishwa na wastani wa vipimo, isizidi 30%, na NMBE, yaani wastani wa modeli kuegemea juu au chini, iwe ndani ya ±10%.

Mtafiti_Temeke: Lina kutu kweli. Asanteni, nahamisha kipimo kwanza.