Nakala ya wafalme wa Kinormani: nitajuaje kama kweli imechorwa kwa mkono?

Mkazi wa Reading

Ndugu zangu, salaam. Ninaishi Reading, Uingereza, mji ambao mfalme Henry wa Kwanza alianzisha abasia yake, yaani makao ya watawa, mwaka 1121 na akazikwa humo mwaka 1136. Mabaki ya kuta za abasia hiyo huyapita kila niendapo kazini, na kwa ajili ya ujirani huo nilinunua picha ya wafalme wanne wa Kinormani walioitawala Uingereza: William wa Kwanza, William wa Pili, Henry wa Kwanza na Stephen, kila mmoja ameketi kwenye kiti cha enzi akiwa amebeba jengo dogo mkononi. Muuzaji alinihakikishia kwamba ni nakala ya ukurasa wa mtawa Matthew Paris, iliyochorwa kwa mkono juu ya ngozi ya ndama, nami nikalipa bei ya kazi ya mkono. Sasa nina shaka, kwa sababu rangi za nyuma ya wafalme zimelala sawasawa mno, hazina hata alama moja ya brashi, ilhali taji zimepakwa dhahabu nzito inayogusika kwa kidole. Ninawezaje kuichunguza bila kuiharibu? Na hata kama imechorwa kwa mkono, nitajuaje kama ni nakala nzuri?

Mtunza Hati

Ndugu yangu, kwanza nakusihi usiiguse kwa maji wala mate. Wapo watu wanaoshauri kulowesha pembe ya picha ili kuona kama rangi inatoka, na kwa ushauri huo wameharibu kazi halali za wachoraji, kwa maana rangi iliyofungwa kwa gundi ya mgunga huyeyuka upesi ikikutana na unyevu.

Tafuta lenzi inayokuza mara kumi, kisha iangalie picha mchana karibu na dirisha. Rangi iliyochapwa kwa mashine utaiona imegawanyika kuwa vidoa vidogo sana vya rangi tofauti, hata mahali ambapo jicho peke yake linaona buluu moja iliyotulia. Rangi ya brashi haina vidoa hivyo; badala yake hujikusanya kwenye ukingo wa umbo, ikawa nzito pale brashi ilipoinuliwa na nyepesi pale ilipopita haraka. Baada ya hapo, ilaze picha na uimulike kwa taa kutoka ubavuni. Ngozi halisi ina upande wa manyoya na upande wa nyama, na mara nyingi upande wa manyoya huonyesha vitundu vya vinyweleo. Pia haikai bapa kabisa, bali hujikunja kidogo hewa ikibadilika. Karatasi iliyotengenezwa ifanane na ngozi haina tabia hiyo.

Zingatia pia hiyo dhahabu inayogusika. Kuna wauzaji wanaochapa picha nzima kwa mashine, kisha wakaongeza dhahabu kidogo kwa brashi ili waweze kuiita kazi ya mkono. Kwa hiyo usiridhike na kuchunguza taji peke yake.

Mwalimu wa Historia

Naongeza kuhusu swali la pili, ambalo naliona kubwa kuliko la kwanza. Matthew Paris aliingia utawa katika abasia ya St Albans mwaka 1217, na kitabu chenye wafalme hao alikitengeneza katika miaka ya 1250 hadi 1259. Stephen alikuwa amekufa mwaka 1154, yaani karibu karne moja kabla, kwa hiyo tusitafute humo sura halisi za watu hao. Alichotaka kuonyesha ni ufalme: taji, kiti na jengo ambalo kila mmoja amelibeba. Henry anakumbukwa kwa abasia ya Reading na Stephen kwa ile ya Faversham, aliyoianzisha mwaka 1148 na ambako alizikwa.

Nguvu ya Matthew iko katika mstari wa wino. Alichora kwa kalamu ya unyoya, kisha akatia rangi nyepesi kwenye mikunjo ya mavazi, huku akiiacha ngozi yenyewe iwe mwanga wa uso na mikono. Mnakili anayejaza nyuso hizo rangi nzito na vivuli, kana kwamba anachora picha ya mafuta, ameipoteza kazi aliyoinakili, hata akitumia ngozi bora na dhahabu safi. Mimi ningethamini zaidi nakala iliyochorwa juu ya karatasi ya kawaida na mtu aliyeufuata mstari huo kwa subira. Ukitaka kupima, weka picha ya ukurasa wa asili pembeni ya nakala yako na utazame vidole vinavyoshika jengo, kwa maana hapo ndipo mkono usiojua huonekana mapema.

Tena tusisahau kwamba wafalme wa Kinormani walikuwapo Sisilia pia. Roger wa Pili alivishwa taji huko mwaka 1130, na mwanajiografia al-Idrisi alimwandikia kitabu kilichokamilika mwaka 1154, ambamo Malindi na Mombasa zimetajwa. Mjukuu wa Roger, William wa Pili wa Sisilia, amechorwa akiwa kitandani mwa mauti katika hati ya mwishoni mwa karne ya 12 iliyohifadhiwa Bern, Uswisi, akihudumiwa na tabibu na mnajimu waliovaa vilemba. Ningefurahi sana kuona wachoraji wetu wakiinakili hiyo.

Bi wa Siyu

Mwalimu amesema kweli kuhusu mstari. Wazee wetu waliopamba misahafu ya Siyu, kisiwani Pate, kwa wino mweusi, mwekundu na wa njano walianza na kalamu kabla ya rangi, na anayejifunza kwa kunakili huona haraka kwamba kosa la kalamu halifichiki chini ya rangi. Ndugu wa Reading, ikiwa picha yako itakuwa ya mashine, usiitupe; ifanye kielelezo, uinakili mwenyewe.

Mkazi wa Reading

Ahsanteni sana. Nimeazima lenzi na nimetazama leo asubuhi: vidoa vimejaa katika rangi zote za nyuma na hata kwenye nyuso, na taji peke yake ndizo zilizopitiwa na brashi. Nitamwandikia muuzaji nimdai fedha zangu. Bi, nimekusudia kuanza na Henry peke yake, bila rangi. Je, nitumie kalamu ya mwanzi au ya unyoya?

Bi wa Siyu

Ya unyoya wa bata bukini, kwa kuwa ndiyo inayotoa mstari mwembamba unaonenepa ukikandamiza, kama ule wa mtawa. Anza na mikunjo ya vazi, uso uuache mwisho.