Mrejesho: ProRes kwenye diski ya nje, na fremu 25 kwa 30

Wakuu, niliuliza nifanyeje iPhone 15 Pro irekodi ProRes (video ya Apple ya ubora wa juu, yenye mafaili makubwa) ya 4K, fremu (picha) 60 kwa sekunde, moja kwa moja kwenye diski ya nje. Aliyesema nianze na waya alipatia kabisa: ule wa kuchajia uliokuja na simu ni USB 2, una kasi ndogo, haufai. Nimechukua waya wa Gbps 10 na SSD (diski ya kasi) iliyofomatiwa kwa mfumo wa exFAT, inayoandika zaidi ya MB 220 kwa sekunde. Sasa inarekodi bila kukatika. Asanteni sana!

Kwenye kuhariri video ya harusi niliyorekodi kwa kamera kubwa na simu, kamera ilitoa fremu 25 kwa sekunde, simu 30, kwa hiyo bibi harusi akitembea picha inarukaruka. Nimewasha PAL (mfumo wa video wa fremu 25) kwenye mipangilio ya kamera ya simu, zote sasa 25. Fremu 60 sasa nazitumia kwa mwendo wa polepole tu. Na kwenye DaVinci Resolve (programu ya kuhariri video), weka fremu 25 kwenye mipangilio ya mradi kabla hujaingiza klipu, ukishaingiza, mpangilio huo wa mradi haubadiliki.