MJADALA: Wazazi wa Tanga waliogomea shule ya Mjerumani, walikosea?

Mwambao_TA: Wakuu, naliweka mezani. Shule ya kwanza ya serikali ya Mjerumani ilifunguliwa hapa Tanga 1892. Haikuwa ya misheni. Mtoto alifundishwa hesabu na kuandika Kiswahili kwa herufi za Kilatini. Wazazi wakasuasua, hadi majumbe, yaani wakuu wa vijiji na mitaa, wakabanwa walete watoto. Je, serikali ikigharamia shule, ina haki ya kumlazimisha mzazi?

Mzee wa Kona: Haki inayo, tena kubwa. Tuseme kweli tu, watu wa Pwani na shule ni mbalimbali tangu enzi hizo. Wao baraza na kahawa.

Binti Pangani: Ungejibu swali bila kututukana ungepungukiwa nini? Abushiri, aliyeongoza vita vya Pwani dhidi ya Mjerumani, amenyongwa Pangani Desemba 1889. Miaka mitatu haijatimia vizuri, walewale walionyonga wanakuja kwa upole: "Tuleteeni watoto." Wewe ungempeleka wako?

Mzee wa Kona: Ningempeleka. Angerudi karani.

Mwl. Chuda: Hapo kwenye karani ndipo penyewe. Mjerumani alitaka makarani, walimu na maakida (watawala wadogo chini yake) wa bei nafuu, basi. Na huyo anayesema Pwani hawakusoma, aelewe kwamba mtoto wa Tanga alikuwa chuoni tayari, yaani chuo cha Kurani, na ubao wake, kalamu ya mwanzi na wino wa masizi. Mzazi alimlipa mwalimu kutoka mfukoni mwake. Barua za biashara ziliandikwa kwa herufi za Kiarabu toka Lamu hadi Kilwa. Halafu mtu wa kona anatuambia kahawa!

Mzee wa Kona: Mwalimu, mimi nimesema shule. Chuo sikukitaja.

Mwl. Chuda: Ndiyo maana nimekutajia.

Kijana wa Ngamiani: Cha kuchekesha, gavana von Soden mwenyewe aliliona hilo. Alitaka dini ya Kiislamu ifundishwe ndani ya shule ya serikali ili wazazi walegee. Wamisionari wakaja juu: kodi ya Wakristo wa Ujerumani isomeshe Kurani?!

Binti Pangani: Kodi ya Ujerumani wapi! Ni kodi ya nyumba, rupia tatu tatu za bibi zetu.

Kijana wa Ngamiani: Dada, kodi ya nyumba imeanza 1898. Von Soden alishaondoka zamani. Ni baadaye ndiyo sehemu yake ikawa inarudi wilayani kulipia shule.

Binti Pangani: Sawa, kwa hiyo baadaye tulilipa sisi. Hoja yangu ipo palepale.

Mzalendo Bwaga: Naona mnaruka Bagamoyo kama haipo. Sewa Haji alitoa jengo la ghorofa kwa serikali, kwa sharti lisomeshe watoto wa rangi zote. Mfanyabiashara, pesa yake mwenyewe. Tanga mlikuwa na nani?

Kijana wa Ngamiani: Tulikuwa na bendi.

Mzalendo Bwaga: Bendi?

Kijana wa Ngamiani: Matarumbeta, mkuu. Wanafunzi wa Tanga walipuliza kwenye sherehe za serikali. Na gazeti la *Kiongozi* lilichapwa shuleni hapohapo. Bagamoyo mlichapa nini?

Mzalendo Bwaga: Mlipigia matarumbeta waliowanyonga, na bado mnajisifu.

Binti Pangani: 😂 Hapo Bwaga umemaliza.

Mwambao_TA: Jamani, niliuliza kuhusu kulazimisha mahudhurio.

Mwl. Chuda: Nakujibu. Jumbe akiambiwa alete watoto kadhaa, hatatoa wanawe wote. Atatafuta mnyonge asiyeweza kukataa. Lazima ya namna hiyo inajaza daftari la majina tu.

Mzee wa Kona: Lakini hao wanyonge ndio waliokuja kushika kalamu ya serikali! Mabwana wa baraza wakabaki kusomewa barua zao.

Mwl. Chuda: Umeshasahau kuwa barua walizisoma wenyewe, kwa herufi za Kiarabu?

Mzee wa Kona: Hati ya kodi ilikuja kwa herufi za Kilatini, mwalimu. Hiyo nani aliwasomea?

Mzalendo Bwaga: Na ile shule ya Tanga ni 1893, siyo 1892.

Kijana wa Ngamiani: Umeanza wewe. Leta ushahidi.