Mjadala: Je, tuna haki ya kusoma barua za mke na mume waliokwisha kufa?

Mchangiaji aliyefungua mada hii anashikilia kwamba barua za mke na mume ni siri ya nyumba yao, na kwamba kuzichapa baada ya kifo chao ni kumvua marehemu sitara yake. Hoja hiyo naiheshimu, ila haijanitosheleza, na sababu yangu ni Charles Darwin, mwanasayansi Mwingereza wa nadharia ya mageuko ya viumbe, na mkewe Emma.

Walipooana tarehe 29 Januari 1839, Darwin alijulikana zaidi kama mwanajiolojia, tena alikuwa katibu wa Jumuiya ya Jiolojia ya London. Wiki chache baadaye Emma alimwandikia barua, ingawa waliishi nyumba moja. Nadhani yapo mambo ambayo kalamu huyabeba pale ulimi unaposhindwa. Alihofia kwamba mazoea ya kutoamini lolote mpaka lithibitishwe yangemtoa mumewe katika imani, na kwamba wasingekuwa pamoja milele. Darwin aliitunza barua ile, na chini ya maandishi ya mkewe akaongeza yake: nitakapokuwa nimekufa, ujue kwamba mara nyingi nimeibusu barua hii na kuililia.

Maneno hayo anaambiwa Emma peke yake. Hapo nakubaliana na mwenzangu kwamba kutunza barua si kutoa idhini ya kuichapa. Darwin alipotaka maandishi yake yachapwe alisema waziwazi: tarehe 5 Julai 1844 alimwandikia Emma huyohuyo barua iliyo kama wasia, akimwomba, iwapo angefariki ghafla, atenge pauni 400 za kuchapishia muhtasari wa nadharia yake, na akamtaja mwanajiolojia Charles Lyell kuwa mmoja wa wanaofaa kuuhariri.

Lakini kusitiri nako kuna madhara. Tawasifu ya Darwin ilipotoka mwaka 1887, baadhi ya kauli zake kali kuhusu dini zilikuwa zimeondolewa, nyingine kwa ombi la Emma mwenyewe, na hazikurudishwa mpaka mwaka 1958, alipozirudisha mjukuu wao Nora Barlow. Kwa miaka 71 watu walijadili imani ya mtu huyu bila kusoma yote aliyoyaandika.

Emma alifariki mwaka 1896. Binti yao Henrietta aliichapa ile barua ya 1839 kwa ajili ya ndugu mwaka 1904, kisha kwa watu wote mwaka 1915. Utaratibu huo ndio ninaoutetea: wenye barua wawe wamekwisha kuondoka, walio karibu nao kwa damu wachague wakati, na zikifunguliwa zifunguliwe nzima, bila mkasi.

Sasa namuuliza ndugu yangu: kama barua ile ingechomwa moto, tungemjuaje mwanamke aliyeomba maneno ya mumewe yaondolewe, na tungeelewaje kwamba hofu iliyomsukuma alikuwa ameibeba tangu mwezi wa kwanza wa ndoa yake?