Mkataba wa siri kwenye utafiti wa rangi za meli: nitie sahihi?

BintiTudor:
Salaam wanajukwaa. Nasomea uzamili wa uhandisi hapa Mombasa. Utafiti wangu ni rangi za kupaka chini ya meli. Nazamisha vibamba vya chuma kwenye hori ya Tudor, kisha navitoa nione kome na magamba vimeshika kiasi gani. Chombo kikishika uchafu huo hupoteza mwendo na kula mafuta.

Sasa karakana moja inayohudumia vyombo vya jeshi iko tayari kunipa chuma na nafasi gatini, na kampuni ya rangi italipia vipimo vya maabara. Nimefurahi mno. Lakini rasimu ya mkataba inasema matokeo yote ni siri, bila ukomo, na hata tasnifu isiwekwe maktaba pasipo idhini yao. Msimamizi wangu ananihimiza nitie sahihi kabla hawajabadili nia. Mwanishauri nini?

MaalimKisauni:
Binti yangu, usitie sahihi rasimu hiyo, wala usiikatae kazi. Jeshi, chuo na kiwanda wakikaa pamoja hutoka mambo makubwa. Mwaka 1940 Randall na Boot waliunda magnetroni yao, kifaa cha kutoa mawimbi ya rada, katika Chuo Kikuu cha Birmingham, kwa fedha za jeshi la majini la Uingereza. Kampuni ya GEC ikaiboresha iweze kuundwa kiwandani, na mwaka huohuo ikavushwa hadi Marekani, ambako chuo cha MIT kilifungua maabara ya rada. Siri ilikuwa kali, na ilistahili, maana ilikuwa vita. Vita vilipokwisha, maabara ile ilichapisha elimu yake katika mfululizo wa vitabu 28, na wahandisi wa nchi nyingi wakajifunzia humo. Hilo ndilo la kudai: siri iwe na tarehe ya mwisho.

La pili lanigusa zaidi, maana sisi ni watu wa bahari. Zamani meli zilipakwa rangi yenye TBT, sumu ya jamii ya bati. Ilizuia magamba barabara. Huko Arcachon, Ufaransa, wafugaji wa chaza wakaona chaza hawazai na maganda yanaharibika. Watafiti wakafuatilia hadi kwenye rangi za mashua, na mwaka 1982 Ufaransa ikaanza kuizuia kwa vyombo vidogo. Mkataba wa kimataifa wa kuipiga marufuku ulianza kutumika 2008. Vipimo vile vingefungiwa kabatini, nani angejua? Kwa hiyo chochote utakachopima kuhusu sumu inayovuja majini kisiguswe na kifungu cha siri hata siku moja. Wavuvi wa Likoni na Mtongwe wanavua maji hayohayo. Hapo usilegeze.

MstaafuMtongwe:
Nimefanya kazi chini ya meli za jeshi miaka mingi. Siri ya kweli ni mwendo wa chombo, unene wa chuma chake, na lini kinaingia gudi. Kibamba kinachoning'inia Tudor hakina siri ya taifa. Waombe waorodheshe hasa kinachofichwa, na kisichoorodheshwa kiwe wazi. Ofisa aliyezoea kazi hizi hatakasirika, ataiandika orodha hiyo asubuhi moja.

BintiTudor:
Ahsanteni sana wazee wangu. Maalim, na hataza, yaani haki ya kumiliki uvumbuzi, je? Rangi ikifaulu, chuo kina sehemu?

MaalimKisauni:
Iandikwe sasa, kabla kibamba cha kwanza hakijapakwa rangi yao. Anzia ofisi ya utafiti ya chuo chako, usiende kwa kampuni peke yako. Chuo nacho kitie sahihi, usiachiwe mzigo wote wewe mwanafunzi, na jina lako liwemo kwenye orodha ya wabunifu. Rasimu mpya ikija, usikubali kuisoma ukiwa umesimama ofisini kwao. Nenda nayo nyumbani, uisome kifungu kwa kifungu.