Wakuu, nawaanzishaje washkaji kusikiliza Cream? Wamezoea dansi na bongo fleva

Fundi_Spika: Habari zenu wakuu. Mimi ni mgonjwa wa Cream, wale jamaa watatu wa London, Eric Clapton gitaa, Jack Bruce besi na ndo mwimbaji zaidi, Ginger Baker dramu. Jumamosi washkaji wanakuja geto na wamenipa saa moja nipige ninachotaka mimi, ila wote ni watu wa Sikinde na Msondo, wengine bongo fleva, na roki kwao ni makelele ya wazungu tu. Nimewaza niwawekee Wheels of Fire ya 1968 mwanzo mwisho. Mnanishaurije?

mzee_wa_santuri: Usithubutu mkuu. Kwanza ile ni albamu ya santuri mbili, saa moja haikutoshi, halafu ndani kuna Toad, dramu karibu dakika 16, mgeni ataomba nauli. Anza na Sunshine of Your Love, ipo kwenye Disraeli Gears ya 1967, waliirekodi New York siku chache tu. Lile gitaa la mwanzo mtu akilisikia mara moja anatoka analipiga kwa mdomo. Na msikilizishe dramu, Ginger anakazia pigo la kwanza na la tatu, sio la pili na la nne kama bendi nyingi za roki, ndo maana wimbo unatembea kwa uzito vile.

Binti_Ngamiani: Mi napinga kidogo. Ukianza na hiyo watasema ni roki basi. Wapigie kwanza Cross Road Blues ya Robert Johnson, mwanabluzi mweusi wa Marekani, ya 1936, mtu mmoja na gitaa lake, hata dakika tatu haifiki, halafu hapohapo bila kuongea weka Crossroads ya Cream ya laivu San Francisco 1968. Watasikia wenyewe kwamba hawa Waingereza walikuwa wanafunzi wa bluzi ya watu weusi wa Marekani. Spoonful ni vilevile, Cream waliichukua kwa Howlin' Wolf, mwanabluzi mwingine wa Marekani, na kaitunga Willie Dixon. Watu wa dansi wanajali sana wimbo umetoka wapi, usiwafiche hilo.

konga_la_tatu: Binti kaongea. Ila mtu wa dansi umkamate kwa sebene. Mwambie hapa maneno yakiisha ni sebene tu, isipokuwa gitaa la rizimu hamna, kwahiyo besi haikai nyuma, Jack Bruce anajibizana na Clapton muda wote kama nae ni solo. Wakianza kufatilia besi umemaliza kazi.

Mtaa_wa_Saba: Na stori wape, ila fupi. Clapton katoka kwenye bendi ya John Mayall akiwa na jina tayari, Bruce na Ginger walikuwa wote kwenye bendi ya Graham Bond na walikuwa hawapatani kabisa, Ginger ndo alimtimua Bruce, halafu 1966 Ginger anamfata Clapton waunde bendi, Clapton anasema sawa ila Bruce awepo 😂😂 Ikavunjika 1968, wakaagana Royal Albert Hall, wakarudi palepale 2005 kwa shoo chache. Bendi zetu wakigombana vile wiki ijayo kila mtu ana bendi yake.

Binti_Ngamiani: Afu usimsahau Ginger na Fela Kuti, yule mwanamuziki wa afrobeat wa Nigeria!! Baada ya Cream alienda kuishi Lagos akajenga studio, na kwenye ile albamu ya Live! ya 1971 ya Fela na bendi yake Africa 70 yumo. Ukiona wameanza kushika simu weka hiyo.

Fundi_Spika: Aisee asanteni sana. Basi Robert Johnson, Crossroads, Sunshine, stori, White Room ya kwenye Wheels of Fire, Spoonful ya studio sio ile ya laivu ya dakika 16 na kitu, mwisho Fela. Swali la mwisho, nina kaspika ka blututhi, katafaa?

konga_la_tatu: Hapana mkuu!! Kaspika kanameza besi yote, utabaki na gitaa linalia kama mbu na watakuwa na haki ya kusema makelele. Azima sabufa.

Fundi_Spika: Sabufa ipo kwa jirani, sema nae ndo huwa analalamikia sauti. Ngoja nimualike.