Nimefika kituoni, karatasi haina wagombea

Kutoka: Mama Neema, Pittsburgh
Mei 20, 2025

Habari za jioni jamani. Naomba kueleweshwa, maana leo nimeaibika. Niliapishwa uraia wa Marekani mwaka jana, na pale pale baada ya kiapo nikajaza fomu ya kujiandikisha kupiga kura. Kulikuwa na sehemu ya chama. Mimi nimekulia Tanzania, mnajua kadi ya chama ilivyo: unayo wanakusema, huna wanakusema. Nikaweka alama kwenye "sina chama", nikajiona mjanja.

Leo nimeomba ruhusa kazini, saa moja na nusu asubuhi niko kituoni nimchague meya. Dada wa daftari akatafuta jina langu, akaliona, akanipa karatasi yenye maswali tu. Moja linahusu kuzuia mfumo wa maji wa mji usiuzwe kwa watu binafsi. Wagombea hawamo. Nikamwambia amekosea, akasema hapana mama, leo ni kura za vyama. Basi nikajibu la maji nikaondoka. Meya nitamchagua lini?

Kutoka: Baba Zawadi, Minneapolis
Mei 21

Pole sana Mama Neema. Hizo ndizo sisi Wakenya tunaita mchujo, nyinyi mnaita kura za maoni: kila chama kinachagua mgombea wake, na jimbo lako la Pennsylvania mchujo umefungwa, asiyeandika chama hapewi majina ya wagombea. Uchaguzi wenyewe ni Novemba 4, na siku hiyo utapewa karatasi kamili kama kila mtu. Lakini nisikudanganye. Pittsburgh haijapata meya wa Republican tangu miaka ya 1930. Jana Corey O'Connor amembwaga meya Ed Gainey kwenye mchujo wa Democratic, na nadhani kazi imeishia hapo. Ni kama kupata tiketi ya chama kwenye ngome yake kule nyumbani: ukishaipata, unaenda kupima suti.

Tofauti ni kwamba kwetu wakubwa wa chama wanaweza kukaa Nairobi wakampa mtu wao tiketi ya moja kwa moja. Huku mchujo huendeshwa na serikali, kwa kodi zetu, na wenye chama wanabaki kuangalia. Mwaka 2016 vigogo wengi wa Republican hawakumtaka Trump, akawashinda ndani ya nyumba yao.

Halafu kila jimbo na sheria zake. Minnesota hakuna kuandikisha chama kabisa. Mchujo wetu ni Agosti, unapewa karatasi moja yenye safu ya kila chama, wewe unachagua safu yako palepale. Usichanganye tu. Mwaka 2018, Ilhan Omar alipogombea Congress, yaani bunge la Marekani, mara ya kwanza, jirani yangu alimtia alama yeye, kisha akahamia safu ya pili kwa mtu mwingine aliyempenda. Mashine ikaitema karatasi mbele ya foleni nzima.

Kutoka: Shangazi wa Bronx
Mei 21

Minnesota mna raha! New York imefungwa kama kwa Mama Neema, tena zaidi: mwisho wa kubadili chama ni Februari 14. Sasa Juni 24 kuna mchujo wa meya na Zohran Mamdani, mzaliwa wa Kampala, yumo. Mwanangu kila jumamosi anamgongea watu milango awaombee kura, yeye mwenyewe hana, aliandika "sina chama". Ila msimcheke. Mwaka 2016 Ivanka na Eric Trump walichelewa kujiandikisha Republican, wakashindwa kumpigia baba yao mzazi kwenye mchujo.

Pennsylvania mwisho wa kubadili ni siku 15 kabla ya mchujo. Badili leo mdogo wangu, ni dakika chache kwenye simu. Hulipi ada, huitwi mkutanoni, na Novemba unampigia umtakaye, hata wa chama kingine.

Kutoka: Mama Neema

Asante shangazi. Na nani ataona nimeandika chama gani?

Kutoka: Mzee wa Erie
Mei 22

Mwanangu, kura yako ni siri, chama chako si siri. Jimbo letu la Pennsylvania huuza daftari zima la wapiga kura kwa dola 20. Mimi tangu nijiandikishe sanduku langu la posta halikosi vipeperushi vya wagombea, navitumia kuwashia jiko la mkaa.

Ila nina neno kwa wenye green card, yaani kibali cha kuishi huku bila uraia, wanaosoma hapa: ninyi haya hayawahusu bado. Mpwa wangu, mtoto wa Bukavu, alienda kuchukua leseni ya gari. Wakamuuliza kitu kuhusu kujiandikisha, Kiingereza kilikuwa bado, akaitikia ndiyo, ndiyo. Hakupiga kura hata siku moja. Miaka ikapita, akajaza N-400, fomu ya kuomba uraia, akakuta swali: umewahi kujiandikisha au kupiga kura? Ikabidi atafute mwanasheria, akaeleza yote, na alilia sana mwaka ule. Kujidai raia kunaweza kukutoa nchi hii. Wakikuuliza dirishani, sema hapana, mimi si raia.

Kutoka: Mama Neema
Juni 9

Shikamoo mzee. Nimebadili, na ujumbe wako nimemsomea dada yangu wa green card neno kwa neno.

Ila shangazi, si ulisema ni mambo ya kwenye simu tu? Leo kadi imefika kwa posta. Jina langu, mtaa wangu, na chama kimeandikwa waziwazi. Haina picha ya mwenyekiti, lakini mama yangu anakuja kutembea Agosti na nimeshaiweka chini ya godoro.